Kuyafanya Yaliyotupata Yawe Hadithi

Siku alipozikwa marehemu baba yangu, baada ya talkini kusomwa na udongo kusawazishwa, ami yangu alisimama upande wa kichwa cha kaburi akatangaza, kama ilivyo desturi yetu watu wa pwani, kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze alipwe, na mwenye kudaiwa naye amche Mungu alipe, maana roho ya muumini hutundikwa kwa deni lake. Watu walinyamaza, kisha mtu mmoja aliyekuwa nyuma ya wote, ambaye sikuwa nikimjua, akasogea mbele akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hapendi kumwacha marehemu katika dhima, lakini anamdai shilingi 60. Ami hakumwuliza hati wala shahidi. Alimwambia aje nyumbani siku ya khitma.

Alikuja. Nilikuwa mtoto wa miaka 13, nikitumwa kupeleka kahawa barazani, na kwa hiyo niliyaona yote kwa karibu. Mtu yule aliketi ukingoni mwa mkeka, miguu ameikunja chini ya kanzu, na kikombe nilichomtilia hakukigusa hata kahawa ikapoa na kufanya utando. Ami alitoa noti sita za shilingi kumi kumi, akazihesabu, akazinyoosha juu ya goti lake kwa kiganja, akazihesabu tena, ndipo akampa. Ami yangu alikuwa muuza duka. Noti zilipita vidoleni mwake mchana kutwa kama punje za tasbihi, na katika umri wangu wote sikupata kumwona akihesabu fedha mara mbili, seuze noti sita tu.

Miaka mingi ikapita. Ami naye akafariki, na mwaka uliofuata nilifungua kasha la marehemu baba, nikakuta daftari lake la hesabu alilokuwa akiliandika kwa herufi za Kiarabu, na katika ukurasa mmoja nikaliona jina la mtu yule, na mbele yake shilingi 60, na maneno bayana kwamba fedha hizo yeye ndiye aliyekopeshwa na baba. Chini yake palikuwa na sahihi ya shahidi, nayo ilikuwa sahihi ya ami yangu. Alijua, basi, tangu pale kaburini, kwamba anayedai ndiye anayedaiwa, na juu ya kujua huko alilipa. Nilikwenda kwa mama kumwuliza. Aliniambia kwamba hayo ni mambo ya wanaume, na kwamba yeye siku hizo alikuwa ndani katika eda, hakuona kitu.

Nimeanza kwa kukusimulia kadhia hii, ndugu msomaji unayetaka kuandika hadithi kutokana na maisha yako, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha karibu yote ninayoyajua katika kazi hii, na ilinifundisha kwa kunishinda. Nilipoketi kuiandika mara ya kwanza nilijaza kurasa 30. Nilianza na kuzaliwa kwa baba, nikaeleza chuo alichosomea, safari zake, maradhi yake, dawa alizotumia, majina ya waliokuja kumzuru, mvua iliyonyesha asubuhi ya maziko, na nilipofika kwenye shilingi 60 nilikuwa nimechoka mimi, sembuse msomaji. Mhariri mmoja alinirudishia akiniambia kwamba hakuiona hadithi ndani yake. Nikaghadhibika, nikamjibu kwa neno ambalo tangu hapo nimelisikia likitoka vinywani mwa vijana wengi: lakini ndivyo ilivyokuwa!

Neno hilo halimtetei mwandishi hata kidogo. Kadhi anapokusikiliza hutaka kujua kwamba ndivyo ilivyokuwa, na akisha kuridhika kwa mashahidi, kazi yako imekwisha. Lakini msomaji wa hadithi hakuja kukusikiliza ushahidi, wala hana njia ya kujua kama ulilomweleza lilitokea au halikutokea, na hata angalijua asingalijali. Atakalo ni kuaminishwa. Jambo la kweli kabisa laweza kusomeka kama uzushi endapo mwandishi, akitegemea ukweli wake, hakujishughulisha kulitia uhai, na jambo la kubuni laweza kumtoa mtu machozi. Maadamu umekwisha kulikubali hili, na ni vigumu kulikubali kwa mtu ambaye bado ana jeraha bichi, tunaweza kuzungumza juu ya namna ya kufanya.

Kwanza utoe ushahidi wako wote, lakini uutoe mahali pasipo msomaji. Chukua daftari, uandike kila unalolikumbuka kwa mfuatano wake, bila kutafuta lugha ya fasaha wala kumwonea mtu haya, pamoja na nguo walizovaa, maneno waliyotamka na harufu ya nyumba. Kisha ulifunge daftari hilo, uliweke mahali ambapo hutaliona kwa muda usiopungua miezi kadhaa. Utakapokuwa tayari kuandika hadithi, usilifungue. Hapo wengi hunishangaa, wakiniuliza faida ya kuandika kitu usichokitazama. Faida ni kwamba moyo ukisha kuhakikishiwa kuwa hakuna kitakachopotea huacha kung'ang'ania kila kitu, na yale yatakayokujia yenyewe siku ile, kikombe kilichofanya utando na kiganja juu ya goti, ndiyo aghalabu yanayofaa, ilhali majina ya waliokuja kumzuru mgonjwa hayatakujia kabisa, wala huyahitaji.

Juu ya muda wa kungojea sina kipimo cha kukupa, kwa kuwa watu hawalingani. Charles Dickens, yule mwandishi mashuhuri wa Uingereza, alipokuwa na umri wa miaka 12, mwaka 1824, alipelekwa kufanya kazi ya kubandika karatasi kwenye vikopo katika kiwanda cha dawa ya viatu, na wakati huo huo baba yake akafungwa jela ya wadeni mjini London. Fedheha hiyo aliificha hata kwa watoto wake. Alipokuwa mtu mzima alijaribu kuiandika kama tarehe ya maisha yake mwenyewe, akashindwa kuendelea, na hatimaye akamtwika mtoto wa kubuni, David Copperfield, katika riwaya iliyotoka kwa sehemu baina ya mwaka 1849 na 1850. Hapo ndipo kalamu yake ilipofunguka. Na hapa kwetu, Adam Shafi Adam alitiwa gerezani katika msako uliofuata kuuawa kwa Rais Karume tarehe 7 Aprili, 1972, lakini Haini, riwaya yake ya masaibu ya wafungwa wa zama hizo, ilichapishwa mwaka 2003, baada ya miaka 31. Sisemi kwamba muda wote huo ulikuwa wa kuiva, maana kuna mambo mengine ambayo humzuia mtu kuandika au kuchapisha. Nasema tu kwamba kumbukumbu haikuoza kwa kuwekwa. Anayeandika juu ya talaka yake katika mwezi ule ule wa talaka ataandika mashitaka. Naye anaweza kuwa na haki katika mashitaka hayo, lakini msomaji atajiona ameitwa kuwa baraza la usuluhishi, na atatafuta njia ya kutoka.

La pili, na hili ndilo kubwa, tafuta katika yaliyokupata lile usilolifahamu. Vijana hudhani kwamba waandike lile wanalolijua vizuri, na kwa upande mmoja ni kweli, kwa maana usiandike juu ya jahazi ikiwa hujui foromali na mlingoti; lakini kiini cha hadithi hakikai katika ujuzi wako, hukaa pale ambapo maisha yalikunyima jawabu. Mimi nilijua kila kitu juu ya kifo cha baba, na hayo niliyoyajua ndiyo yaliyozaa zile kurasa 30 zilizokufa. Nisilolijua lilikuwa moja tu: kwa nini ami alilipa? Mwenye jawabu alikuwa kaburini. Ukilipata swali kama hilo, ambalo hakuna mtu hai awezaye kukujibu, shukuru, kwa sababu umekwisha kupewa hadithi. Kilichobaki ni kuwa na ujasiri wa kulijibu mwenyewe, au kuwapeleka wahusika wako mpaka mlangoni pake.

Ukisha kulipata swali, kila kisicholigusa kiache, hata kiwe kizuri namna gani. Mvua ya asubuhi ya maziko niliiandika kwa maneno ambayo mpaka leo nayapenda, nikayafuta. Wala usianze mbali. Hadithi yangu ilipoandikwa upya haikuanza na kuzaliwa kwa baba wala na maradhi yake; ilianza na mtu akisogea mbele kutoka nyuma ya watu, makaburini, na maiti ilikuwa imekwisha kufukiwa.

Kisha uutoe ule wasifu mikononi mwako umpe mtu mwingine. Huu ni ushauri ninaoutoa kwa msisitizo kuliko wote, kwa kuwa nimeona vipaji vingi vikizama katika neno "mimi". Shaaban Robert, ambaye alituandikia maisha yake kwa uwazi katika Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, alijua vema tofauti ya kazi hizo mbili. Alipotaka kusema yake kwa njia ya hadithi hakusimama mwenyewe uwanjani: yeye aliyetumikia Idara ya Forodha tangu mwaka 1926 mpaka 1944, na akaendelea na ukarani wa serikali katika idara nyingine miaka mingi baadaye, ndiye aliyemwandika Utubora, mtu anayeiacha kazi yake kwa hiari ili arudi kijijini kushika jembe. Je, ilikuwa shauku ya karani aliyechoka na meza? Hatuna ruhusa ya kulitia neno hilo kinywani mwake. Bali mwandishi anayesoma kitabu cha Utubora huyo kwa makini huona jinsi mtu wa kubuni anavyoweza kutenda lile ambalo muumba wake hakulitenda. Na katika Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951, aliichukua dhuluma ambayo kila aliyeishi chini ya ukoloni aliifahamu, akaipeleka katika nchi inayoelea angani, na kule juu ikaonekana waziwazi kuliko ilivyoonekana mtaani.

Mimi sikwenda hata angani. Nilichofanya ni kumwondoa yule mvulana wa kupeleka kahawa, ambaye kosa lake lilikuwa kwamba hakujua kitu, na mahali pake nikamweka msichana, nikamwita Mwanajuma, aliyefundishwa na baba yake kusoma hati yake na ambaye usiku wa pili wa matanga amelifungua lile daftari. Mabadiliko hayo mawili, ya jinsia na ya wakati, yaliigeuza kadhia yote. Katika maisha yangu daftari lilifunguliwa wahusika wakiwa wamekwisha kufa, kwa hiyo palikuwa na ajabu lakini hapakuwa na tendo. Katika hadithi, mtoto anasimama mlangoni na buli la kahawa mkononi na siri kifuani, noti zinanyooshwa juu ya goti mbele ya macho yake, naye sharti aamue kusema au kunyamaza. Ona jinsi ambavyo sikuongeza tukio lolote. Nililolifanya ni kulisogeza jambo la mwisho likawa mahali pa kati.

Katika kueleza, jihadhari na majina ya huzuni. Katika zile kurasa za kwanza niliandika kwamba "ami alionekana mwenye wasiwasi mkubwa", na sentensi hiyo haikumfanyia msomaji lolote, kwa kuwa wasiwasi ni jina la kila mtu. Lakini muuza duka anayehesabu noti sita mara mbili ni mtu mmoja tu ulimwenguni. Kitu kama hicho huwezi kukibuni kirahisi. Ndiyo mali hasa ambayo yaliyokupata yamekuachia, na mwandishi asiyepatwa hana. Kwa hiyo badilisha majina, badilisha mji, badilisha hata mwisho wa kisa, lakini zile chembe mbili tatu ulizoziona kwa macho yako uzishike kama amana. Na maneno ya watu yaache na mizunguko yake. Sisi watu wa pwani hatuingii katika jambo zito kwa mlango wa mbele. Mdai wa kweli hasemi "nipe fedha yangu", husema hapendi kumwacha marehemu katika dhima, na kama ukimfanya aseme wazi kwa haraka ya kuifikisha hadithi mbele, utakuwa umeuondoa ubinadamu wake.

Huenda utaniambia kwamba wewe hujapatwa na kitu, kwamba umesoma, ukaajiriwa, ukaoa, na basi. Yaliyowapata wazee wako nayo ni yako, maadamu umeyasikia kwa masikio yanayosikiliza. James Mbotela aliandika Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, kutokana na mambo ya kizazi kilichomtangulia, watu waliotekwa, wakaokolewa baharini na kuletwa Freretown karibu na Mombasa. Mgomo wa makuli wa Zanzibar ulitokea mwaka 1948, wakati Adam Shafi akiwa mtoto wa miaka minane, na hakuna aliyemzuia kuuandika katika Kuli. Nenda kakae na bibi yako. Usimwulize "tueleze maisha yako", maana atakupa waadhi. Mwulize bei ya kanga ya kwanza aliyoinunua kwa fedha yake, na alivificha wapi vito vyake. Atakapofika kwenye kificho, nyamaza, umwache aendelee.

Sasa nifike kwenye stara, ambayo nasikitika kwamba huzungumzwa kidogo. Katika miji yetu watu hutambuana kwa milango, na kubadilisha jina la mtu huku ukimwachia kilema chake, duka lake na wake zake wawili si kumsitiri. Mbadilishe kazi, mbadilishe umri, uchanganye watu wawili wawe mmoja, na hapo utaona ajabu, kwamba yule mchanganyiko ana uhai kuliko mmoja mmoja wao. Yule aliyejitokeza kaburini ana wajukuu, nao ni watu wema ninaokutana nao sokoni. Katika hadithi yangu hana hata kimo chake. Na kabla ya kuandika juu ya aliyekudhulumu, jiulize kwa insafu: je, naweza kumpa sababu ambayo yeye mwenyewe angeikubali? Kama huwezi, ngojea. Naona ni haramu kwa mwandishi kumshika mtu asiyeweza kujibu na kumweka mbele ya watu ili wamzomee.

Lakini stara hiyo inawahusu wengine. Wewe mwenyewe na wapenzi wako msijisitiri. Hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko mahali pengine pote, hata nikadhani nimeishiwa na lugha. Mwanajuma alikuwa amekwisha kuingia barazani, mtu yule amekwenda zake, naye amemwambia ami yake, "Ami, huyu ndiye anayedaiwa, nimeona." Ami akanyamaza. Nilimwandikia majibu mengi: kwamba alimhurumia masikini, kwamba aliona haya mbele ya jamaa, kwamba alitaka kumfunika mtu aibu yake kwa ajili ya Mungu. Majibu yote hayo yalikuwa mazuri, na yote yalikuwa mbao tupu. Mwishowe nilijua kwa nini. Katika kila jibu nilikuwa nikimlinda baba. Nilikuwa tayari kumfanya mdai awe mwongo na ami awe mpumbavu au walii, ilimradi marehemu atoke safi, na hadithi, kama mtoto anayejua kwamba anadanganywa, ilikataa kwenda. Siku nilipoondoa mkono wangu ami alijibu papo hapo: "Mwanangu, baba yako alikuwa akimdai fedha. Yeye alikuwa akimdai baba yako jambo jengine."

Ni jambo gani, sikuandika, kwa kuwa silijui, na Mwanajuma hakuuliza. Lakini nilipoiandika sentensi hiyo ya ami mkono ulinitetemeka, na nakuomba uitazamie dalili hiyo katika kazi yako. Ukiona umefika mahali unapoandika kwa raha juu ya jambo lililokuumiza, rudi nyuma uchungue ni nani unayemlinda.

Hadithi ilipokwisha nilimsomea mama, bila kumwambia ni ya nini. Alikuwa amepakata ungo akichambua mchele, nami nilisoma kwa sauti, kama ninavyokushauri usome kila ukiandikacho mbele ya mtu aliyeishi zama hizo, kwa kuwa sikio lake litajikwaa pale ambapo umebuni vibaya. Alisikiliza pasipo kuinua kichwa. Nilipofika kwenye jawabu la ami vidole vyake vilisimama juu ya mchele, kisha vikaendelea. Nikamaliza. Hakuniuliza mtoto yule ni wa nani wala mji ule ni upi. Alipepeta, akazipuliza pumba, akaniambia, "Si mara mbili. Alizihesabu mara tatu."

Nilisahihisha neno hilo, nikainakili hadithi kwa hati safi, na kesho yake asubuhi nikaipeleka posta.